Kupandikiza samaki: maana yake, na kwa nini si kumwaga vifaranga tu

Mkulima wa nyanya wa Tengeru hamwagi mbegu moja kwa moja shambani. Anaanza na kitalu, anamwagilia, anangoja miche ipate nguvu, kisha anaing'oa na kuihamishia kwenye matuta. Mbegu ilipandwa, mche umepandikizwa. Neno hilohilo ndilo linalotumika kwa samaki. Vifaranga huzalishwa na kulelewa mahali pengine, kwenye kituo cha kutotolesha, na wakishapata ukubwa wa kujitegemea huhamishiwa ziwani, bwawani au mtoni. Kuhamisha huko ndiko kupandikiza samaki.

Kuna tofauti na kufuga. Mfugaji anawalisha samaki wake na anajua siku atakayowavua. Samaki aliyepandikizwa katika ziwa la umma anajitafutia chakula, anakwepa maadui peke yake, na anayekuja kumvua huenda hakuchangia hata shilingi kumleta.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu ya swali nililoulizwa kando ya Ziwa Duluti. Kwa asiyelijua, ni ziwa dogo la kreta, yaani shimo la volkano, mashariki ya mji wa Arusha, karibu na barabara kuu ya kwenda Moshi. Eneo lake ni hekta sitini na kidogo, limezungukwa na msitu wa hifadhi, na mtu anaweza kutembea kulizunguka lote asubuhi moja huku furukombe wakilia juu ya miti. Kijana mmoja aliyekuwa akinisikiliza nikizungumzia kuvua kwa mshipi aliniambia, "Shikamoo mzee. Sasa kama samaki ni wachache, si wangemwaga tu vifaranga elfu kumi humu, watu wakaja kuvua mpaka wachoke?"

Ni swali la haki kabisa. Jibu lake linaanzia kwenye tumbo la ziwa, si kwenye idadi ya vifaranga.

Kila ziwa lina kiasi cha samaki linachoweza kukilisha. Chakula cha perege, yaani tilapia, kinaanzia kwenye vimea vidogo vinavyoyapa maji rangi ya kijani, na vimea hivyo vinategemea mwanga wa jua na rutuba iliyomo majini. Ukiongeza vifaranga hujaongeza chakula, umeongeza midomo. Kama waliomo tayari wanagombania kilichopo, wageni elfu kumi watakufa, au watapona kwa kuwadhoofisha wenyeji.

Perege ana tabia nyingine inayofanya jambo hili liwe gumu zaidi: anazaa mapema na anazaa mara nyingi. Jike hukusanya mayai yaliyorutubishwa na kuyatunza mdomoni mpaka yaanguliwe, na hata baada ya hapo watoto hukimbilia mdomoni mwa mama wakiona hatari. Ulinzi wa namna hiyo unawafanya wengi wapone. Kwenye bwawa la nyumbani lisilo na samaki anayekula watoto, miezi michache inatosha bwawa zima kujaa. Niliwahi kushuhudia jirani akivuta wavu katika bwawa lake, akitarajia samaki wa kujaza sahani. Walikuja mamia, wengi hawazidi urefu wa kidole, na majike wadogo namna hiyo tayari walikuwa wanatema mayai kwenye wavu. Huo ndio udumavu. Samaki anaona nafasi ni finyu, basi nguvu yake yote anaipeleka kwenye kuzaa badala ya kukua. Jirani yule alikuwa anapanga kununua vifaranga wengine. Nilimsihi apunguze kwanza waliomo, au aweke kambale wachache wawale wale wadogo wasiohitajika. Wafugaji wengi siku hizi huepuka tatizo hilo kwa kununua vifaranga madume tu.

Kwa hiyo kupandikiza hutibu ugonjwa mmoja tu: upungufu wa watoto. Kama samaki wamepungua kwa sababu ya nyavu za matundu madogo, au kwa sababu kingo za kuzalia zimelimwa na kufukiwa na udongo, vifaranga wapya watapita njia ileile waliyopita wenzao. Watu wa Moshi wanalijua hili kupitia Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwenye mto Pangani. Miaka ya mwanzo samaki walifurika, wavuvi wakahamia kutoka mbali, kisha samaki wakapungua. Serikali imewahi kulifunga kwa uvuvi kwa vipindi, ili bwawa lipumue. Mapumziko ya namna hiyo hayahitaji gari la vifaranga.

Lakini lipo pia pandikizo la aina nyingine kabisa, na nadhani ndilo lililokuwa kichwani mwa yule kijana. Marekani, katika vitongoji vya miji mingi, kuna maziwa madogo ya bustani za umma ambako samaki huletwa kwa gari la tangi wakiwa wakubwa, tayari kuvuliwa. Majira ya baridi wanaletwa trauti, samaki wa maji baridi. Majira ya joto wanaletwa kambale wa huko. Hakuna anayetarajia trauti wale wazaliane. Maji yakipata joto, waliobaki watakufa. Wanaletwa ili mzazi na mtoto wakae ukingoni na ndoano zao, wapate samaki mmoja au wawili kwa siku kama kanuni inavyoruhusu, warudi nyumbani. Gharama hulipwa kwa sehemu kubwa na ada za leseni za wavuvi wenyewe. Huo ni uvuvi wa burudani, na ziwa linakuwa kama ghala linalojazwa kila baada ya muda. Fedha ikikatika, samaki wanakatika.

Hapa kwetu wazo hilo si geni kama tunavyodhani. Wakati wa ukoloni Waingereza walipandikiza trauti katika vijito vya baridi vya milimani, Kilimanjaro ikiwemo, ili wapate mchezo waliouzoea kwao. Walichagua vijito hivyo kwa sababu trauti hawezi joto la tambarare.

Uchaguzi wa aina ya samaki ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu hapo kosa halirudishwi nyuma. Sangara tunayemnunua sokoni akiwa minofu hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sato naye aliletwa katika kipindi hichohicho. Biashara ikakua, viwanda vikajengwa, lakini aina nyingi sana za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zikatoweka, na ngege, perege wa asili wa ziwa lile, akawa adimu. Karibu zaidi na sisi kuna Ziwa Chala, kreta yenye maji ya kina kirefu mpakani na Kenya, mashariki ya Moshi. Humo anaishi perege ambaye asili yake ni Chala peke yake, duniani kote. Leo anaishi na aina nyingine za perege zilizoingizwa na binadamu, na yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Perege wa aina tofauti huweza kuzaliana wao kwa wao, hivyo mwenyeji anaweza kupotea bila kuliwa na mtu: damu yake inachanganyika mpaka haonekani tena. Ndiyo maana nasema, kabla mtu hajamwaga hata ndoo moja katika maji ya umma, amwone kwanza ofisa uvuvi wa wilaya, hata kama nia yake ni njema kama maziwa.

Kwa ziwa dogo kama Duluti, mimi ningeanza na namna ya kuvua. Jike anayetunza mayai mdomoni hali, au anakula kidogo mno, kwa hiyo ndoano humkosa. Wavu haumkosi. Kuvua kwa mshipi, kwa kibali cha wasimamizi wa msitu na kwa idadi iliyowekwa, kungewaacha mama wengi wamalize ulezi wao, na vifaranga wangepatikana bure.

Ikithibitika kwamba watoto hawatoshi kweli, basi kazi ifanywe kwa uangalifu. Vifaranga hawalishwi siku moja kabla ya safari ili wasichafue maji. Husafirishwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji kiasi na oksijeni nyingi juu yake, asubuhi mapema au jioni, jua likiwa pole. Wakifika, mfuko huelea ziwani kwanza kama robo saa ili joto la ndani na la nje lilingane, kisha maji ya ziwa huingizwa kidogo kidogo, na samaki huachwa watoke wenyewe. Anayewamimina kwa haraka huwaona wakiogelea, akaondoka ameridhika; kesho yake wanaelea. Na kwa kuwa perege hukua vizuri maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30, huku kwetu Arusha ningengoja baridi ya Juni na Julai ipite kwanza.