Kukohoa kwa nguvu hakuzuii shambulio la moyo

Upo ujumbe unaozunguka kwenye simu miaka nenda miaka rudi: ukipatwa na shambulio la moyo ukiwa peke yako, vuta pumzi ndefu, kohoa kwa nguvu, rudia mpaka msaada ufike. Wengi huusambaza kwa nia njema.

Katika shambulio la moyo, mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo huziba. Moyo wenyewe kwa kawaida bado unapiga. Kikohozi hakizibui mshipa. Moyo ukisimama kabisa, mtu huzimia ndani ya sekunde chache, atakohoaje? Chembe ya ukweli ipo, tena ndiyo inayoupa ujumbe nguvu: hospitalini, mgonjwa aliyeunganishwa na mashine huweza kuambiwa akohoe mapigo yanapovurugika ghafla, daktari akiwa kando yake.

Usome tena ujumbe huo. Nani kauandika, lini? Na, kwangu hili ndilo kubwa, unaanza kwa kukuambia upige simu ya dharura? Kifua kikibana kwa dakika kadhaa, maumivu yakishuka mkononi, jasho jembamba likikutoka, simu hiyo ndiyo ya kwanza. Ujumbe wenyewe mwonyeshe daktari wako siku ya kliniki.