Kujenga kompaila ya GCC kutoka msimbo chanzo: usiikatize inapoonekana kuanza upya

Saa nne usiku alinipigia simu mwanafunzi mmoja wa uzamili aliyekuwa akijijengea GCC, yaani kompaila: programu inayotafsiri msimbo alioandika mtu kuwa programu inayoendeshwa na mashine. "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu. Ile GCC imechanganyikiwa. Ilifika mbali, halafu faili zilezile zikaanza kupita tena toka mwanzo. Nimeikatiza, nimefuta folda, naanza upya." Nikamuuliza ilikuwa imekwenda kwa muda gani. Zaidi ya saa mbili, akasema. Nikampa pole, kwa sababu mashine ilikuwa salama kabisa na kazi yake ilikuwa inaendelea vizuri.

Wengi wanaofika kwetu na shida hii ni watafiti wanaotumia seva za zamani. Seva yenye mfumo wa Linux uitwao CentOS 7, kwa mfano, ina GCC 4.8.5, na programu anayoihitaji mtafiti inadai C++ ya kisasa zaidi. Hana nywila ya msimamizi, wala msimamizi hayuko tayari kubadilisha mfumo mzima kwa ajili ya mtu mmoja. Njia iliyobaki ni kuchukua msimbo chanzo na kujijengea kompaila yake.

GCC ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na Richard Stallman wa mradi wa programu huria wa GNU, ikiwa ya lugha ya C. Leo inatafsiri pia C++, Fortran, Ada na nyinginezo, na yenyewe imeandikwa kwa C++. Hapo ndipo penye hadithi ya kuku na yai: ili upate kompaila, lazima uwe na kompaila. Matoleo ya GCC 11 hadi 14 yanahitaji kompaila inayoielewa C++11 (C++ ya mwaka 2011), na ile 4.8.5 inatosha kuyajenga. Ukiwa na ya kale kuliko hiyo, panda ngazi: jenga kwanza toleo la katikati, kisha hilo likujengee jipya.

Sasa tuone kwa nini faili zinarudi. Katika hatua ya kwanza, kompaila kuukuu iliyomo kwenye mashine inatafsiri msimbo wote wa GCC mpya. Kinachopatikana kinafanya kazi, lakini kimetengenezwa kwa mkono wa kompaila kuukuu, na kama ule mkono una kasoro, kasoro huenda imeingia. Kwa hiyo GCC mpya inapewa msimbo uleule ijitafsiri yenyewe. Hiyo ni hatua ya pili. Zao la hatua ya pili nalo linautafsiri msimbo huo tena, na hiyo ni ya tatu. Kisha mafaili ya hatua ya pili na ya tatu yanalinganishwa baiti kwa baiti. Yakilingana utaona `Comparison successful.` Yasipolingana, kazi inasimama na usiitumie kompaila hiyo. Mwanafunzi wangu aliikatiza mwanzoni mwa hatua ya pili.

Ulinganisho huo una mpaka wake, hata hivyo. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, alieleza jinsi kompaila inavyoweza kubeba mlango wa siri usioonekana popote kwenye msimbo chanzo, na kuurithisha kila inapojijenga. Hatua ya pili na ya tatu zote zingekuwa nao, na zingelingana vizuri tu. Vilevile ulinganisho hauwezi kujua kama msimbo wenyewe umechezewa. Kwa hilo nasisitiza: pakua kifurushi kwenye seva za GNU au vioo vyake rasmi (seva zenye nakala), na hakiki sahihi yake ya kidijitali kabla ya kukifungua.

Amri zenyewe ni chache:

```
tar xf gcc-13.2.0.tar.xz
cd gcc-13.2.0
./contrib/download_prerequisites
mkdir ../karakana
cd ../karakana
../gcc-13.2.0/configure --prefix=$HOME/gcc-13 --enable-languages=c,c++ --disable-multilib
make -j4
make install
```

Amri ya tatu inaleta maktaba za hesabu ambazo GCC inazitegemea, zikiwemo GMP, MPFR na MPC, hivyo intaneti iwepo. Folda niliyoiita karakana lazima iwe kando. Usijengee ndani ya folda ya msimbo. Bila `--disable-multilib`, mashine ya biti 64 isiyo na maktaba za biti 32 itakugomea. Na hapo kwenye `--prefix`, yaani mahali itakaposakinishwa, usiandike `/usr` hata kama una nywila ya msimamizi. Kompaila ya mfumo iache ilipo.

Namba 4 ni idadi ya kazi zinazokwenda kwa pamoja. Watu hupenda kuipandisha ili wamalize haraka, RAM inajaa, kisha wanaletewa ujumbe kwamba `cc1plus`, sehemu ya GCC inayotafsiri C++, imeuawa. Wanadhani msimbo ni mbovu, kumbe Linux imeiua kazi hiyo ili kuiokoa mashine. Punguza iwe 2, hata 1, uandike `make` tena. Itaendelea ilipoishia.

Umeme ukikatika ni hivyohivyo, ila kwa tahadhari moja. Faili iliyokuwa ikiandikwa wakati huo inaweza kubaki nusu, na `make` ikaiona ni nzima. Utakuja kuambiwa `file truncated`. Jina la faili limo kwenye ujumbe huohuo: ifute hiyo moja tu, endelea.

Ukishasakinisha, tanguliza `$HOME/gcc-13/bin` kwenye `PATH`, orodha ya folda ambamo amri hutafutwa. Kama `gcc --version` bado inataja toleo la zamani, andika `hash -r`, maana bash, programu inayopokea amri zako, huwa inakumbuka njia ya jana. Programu ikikubali kutafsiriwa lakini ikakataa kuwaka, ikilalamika kuhusu `GLIBCXX`, basi imeiokota libstdc++ (maktaba ya C++) ya mfumo badala ya yako. Weka `$HOME/gcc-13/lib64` kwenye `LD_LIBRARY_PATH`, orodha ya folda ambamo maktaba hutafutwa.

Yule mwanafunzi aliiwasha tena usiku uleule, akalala. Asubuhi alinitumia picha ya skrini yenye mstari mmoja: `Comparison successful.`