Kifungu cha "kushirikishana maarifa"

Kazi yangu ni kusaidia mashirika yasiyo ya kiserikali hapa Lamu yafanye kazi pamoja, na karibu kila hati ya makubaliano ninayoletewa ina kifungu kinachosema kwamba washirika "watashirikishana maarifa". Ni nadra kifungu hicho kueleza ni maarifa gani, ya nani, na mwenye nayo atalipwaje kwa muda wake. Mara nyingi hutekelezwa kwa warsha ya siku mbili na ripoti ya Kiingereza, basi.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii, kwa hiyo wapandaji hatuwakosi. Niliwahi kufuatana na shirika moja lililopanda miche ya mkoko kwenye tope la mbele kabisa, kwa mistari iliyonyooka kama ya mahindi, kwa kuwa hapo palikuwa peupe. Mkata boriti mmoja mzee, yaani mkataji wa nguzo za mikoko, aliyekodiwa kubeba miche tu, aliitazama mistari ile akasema, "Wanangu, hapa hata mlilana haukai, mkoko utakaaje?" Mlilana, ambao nao ni aina ya mikoko, ndio mti unaotangulia kukabili maji; ukiona hata wenyewe haupo, ujue mahali hapo hufunikwa na maji muda mrefu mno. Hakuna aliyeyaandika maneno yake. Maji ya bamvua yalikuja na kurudi, miche ikang'oka, na ripoti ikahesabu iliyopandwa badala ya iliyobaki. Baadaye shirika la pili, ambalo lilikuwa mshirika wa lile la kwanza kwa hati iliyotiwa saini, lilipanda pale pale.

Sidhani kwamba kulikuwa na hila. Mashirika hayo mawili yaliomba fedha kwa mfadhili mmoja, na katika hali hiyo ni vigumu kumweleza mwenzako ulipoharibikiwa, hasa ikiwa ripoti yako imekwisha kusema umefaulu.

Penye ushirikiano wa kweli, ujuzi hupita pande zote mbili. Muungano wa Save Lamu, unaokusanya makundi ya wenyeji, ulipopinga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, wanasheria walijua taratibu za tathmini ya mazingira, nao wenyeji walijua bahari yao na walijua pia kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo huo, na upungufu wa ushirikishwaji wa umma ulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Kusini nako, katika Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, ulioanza Gazi mwaka 2013 ukawa kielelezo cha mradi wa Vanga.

Siku hizi sipitishi hati isiyotenga fedha za watu kutembeleana shambani, wala isiyotaja daftari la yaliyoharibika, linaloandikwa kwa Kiswahili na kusomwa na washirika wote kabla ya msimu wa kupanda. Katika rasimu iliyo mezani sasa nimeongeza posho ya mkata boriti iwe sawa na ya mshauri kutoka Nairobi. Mfadhili ameuliza sababu. Nimemjibu kwa kurasa mbili, nami nangoja.