Je, Wajua? Kwa Nini Mtoto Hukumbuka Basi na Kusahau Somo Aliloendea

Muulize mtoto aliyetoka ziara ya shule ameona nini. Atakusimulia nani alitapika kwenye basi, nani aliteleza akaanguka matopeni, na jinsi walivyokula chini ya mti mkubwa. Sasa muulize ule mti ulikuwa wa aina gani, maana ndio hasa waliokwenda kuusoma. Kimya.

Si uzembe wake. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani, John Falk, na wenzake walionyesha kwamba mtoto akipelekwa mahali pageni mno, akili yake hushughulika kwanza na mahali penyewe: njia inaelekea wapi, hapa kuna wadudu gani, mwalimu yuko upande gani. Somo linasubiri zamu yake, na mara nyingi basi huondoka kabla zamu hiyo haijafika. Katika miaka ya 1990 Nir Orion, mtaalamu wa ufundishaji wa jiolojia nchini Israeli, aliuchambua ugeni huo katika sehemu tatu. Kuna ugeni wa somo lenyewe na vifaa vyake, ugeni wa mahali, na ugeni wa nafsi, yaani yale maswali ambayo mtoto haulizi kwa sauti: tutatembea sana? Tutakula saa ngapi? Nikibanwa na haja je?

Kinachosahaulika ni kwamba ugeni huohuo unaoiba somo ndio unaozaa ajali. Mtoto asiyejua choo kiko wapi huchomoka kimya kwenda kukitafuta. Asiye na kazi mkononi hujitafutia kazi, na aghalabu huipata ukingoni mwa maji. Ndiyo maana walimu wanaoweka usalama upande mmoja na kujifunza upande mwingine, kana kwamba ukiongeza hiki unapunguza kile, wanakosea tangu mwanzo. Maandalizi ni yaleyale.

Yanaanza kwa mwalimu kwenda mwenyewe kwanza, siku na saa ileile atakayowapeleka watoto. Kando ya barabara tulivu asubuhi huwa mambo mengine kabisa saa sita mchana. Atembee njia yote huku akipima muda, kisha auzidishe mara mbili: njia ya dakika 10 kwa mtu mzima huwachukua watoto 40 waliopanga mstari dakika 20 bila shida. Aangalie basi litasimama upande gani wa barabara, wapi kuna kivuli cha kutosha kundi zima, simu inashika mtandao wapi na inakatika wapi, na gari la kumbeba mgonjwa litafika karibu kiasi gani. Apige picha. Picha hizo, ramani iliyochorwa ubaoni na ratiba yenye saa ya chakula na ya choo zikioneshwa darasani siku chache kabla, ugeni wa mahali na wa nafsi unapungua sana kwa kipindi kimoja tu.

Ugeni wa somo unahitaji kipindi kingine, cha kushika vifaa. Tuchukue kazi moja: kukadiria idadi ya mmea fulani katika eneo. Kifaa ni fremu ya mraba, sentimita 50 kwa 50, ya waya au mbao, ambayo wanabiolojia huiita kwadrati. Walimu wengi huwaambia watoto waitupe kinyumenyume juu ya bega, eti iangukie popote kwa bahati. Hapo makosa mawili yamefanyika kwa mkupuo mmoja. Fremu itampata mtu usoni. Halafu hakuna bahati yoyote: mtoto hujiweka mahali kwanza ndipo atupe, tena hukwepa miiba na matope na kupenda penye maua, kwa hiyo takwimu zinapinda kabla hazijaandikwa.

Njia sahihi ni tulivu na ina faida zote mbili. Laza tepu mbili za mita 10 zikutane kwenye pembe mraba. Weka kwenye mfuko vikaratasi vyenye namba 0 hadi 9. Chomoa kimoja, hiyo ni mita za tepu ya kwanza. Kirudishe, chomoa tena, hiyo ni mita za tepu ya pili. Mita hizo mbili zinapokutana ndani ya eneo ndipo inapokaa kona ya chini kushoto ya fremu. Mmea ulioangukia kwenye mstari wa kushoto au wa chini unahesabiwa, wa kulia na wa juu unaachwa. Bila kanuni hii kila kundi litakuwa na hesabu yake na ugomvi wake. Rudia mara 10. Fremu hiyo ni robo ya mita ya mraba, kwa hiyo wastani unazidishwa kwa 4. Mkipata mimea 30 katika fremu 10, wastani ni 3, sawa na mimea 12 kwa kila mita ya mraba, au takriban 1,200 katika eneo lote la mita 10 kwa 10.

Kundi moja liwe la watoto wanne: wawili wa kusoma tepu, mmoja wa kuhesabu, mmoja wa kuandika, wakibadilishana kila baada ya fremu mbili au tatu. Wa tano hana kazi, na huyo ndiye mtakayemtafuta baadaye.

Tukija kwenye kuhesabu watoto wenyewe, kuhesabu vichwa vinavyotembea hakufai. Mmoja anahesabiwa mara mbili, mwingine ameinama kufunga kamba za viatu, na jumla inatoka sawa kwa makosa mawili yaliyofutana. Kosa lingine la kila siku ni kutumia orodha ya darasa badala ya orodha ya waliopanda basi asubuhi. Darasa lina 38, walioondoka ni 36. Anayeshika 38 ataanza kuwasaka watoto wawili waliolala nyumbani na homa. Kuitikia namba ni bora zaidi, ila mtoto anaweza kumwitikia rafiki yake. Kinachofanya kazi ni tabaka mbili. Kila mtoto awe na mwenzake wa jozi anayemwona muda wote (idadi ikiwa witiri, jozi moja iwe ya watatu). Na kila mtu mzima awe na orodha yenye majina ya watoto wake, wachache kiasi cha kuwaona wote kwa jicho moja. “Sote tunawaangalia” maana yake ni kwamba hakuna anayeangalia. Hesabu watoto wakiwa wamesimama, kabla ya injini kuwashwa, baada ya kushuka, kila mtokapo chooni, na kabla ya kuondoka popote.

Idadi ya watu wazima? Mwongozo wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1998 ulipendekeza, kama pa kuanzia, mtu mzima mmoja kwa watoto sita kwa madarasa ya chini kabisa ya msingi, mmoja kwa 10 hadi 15 kwa madarasa ya juu ya msingi, na mmoja kwa 15 hadi 20 kwa sekondari. Namba hizo ni za ziara ya kawaida. Karibu na maji au barabara kubwa zinatakiwa zishuke.

Sanduku la huduma ya kwanza lililobaki kwenye basi ni sawa na kutokuwepo. Vivyo hivyo dawa ya pumu: ibebwe na mtu mzima wa kundi la mtoto huyo, si na kiongozi aliye nusu kilomita mbele. Jina la mtoto lisibandikwe kifuani, kwa sababu mgeni anayemwita kwa jina huonekana kwake kama mtu anayemjua. Andika jina la shule na simu ya kiongozi. Radi ikisikika chini ya sekunde 30 baada ya umeme kumulika, ingieni ndani ya jengo au basi, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Jambo ambalo wengi huliacha ni mtu wa kubaki shuleni. Tarehe 22 Machi 1993, vijana wanne wa shule walikufa maji katika ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza, baada ya mitumbwi yao kusukumwa baharini. Kundi lilitarajiwa kurudi mchana, lakini walinzi wa pwani walipata taarifa saa kadhaa baadaye. Mwaka 1995 nchi hiyo ilitunga sheria ya leseni kwa vituo vya shughuli hatari za vijana. Kwa hiyo shuleni abaki mtu mwenye nakala ya orodha, njia, simu za wazazi, na saa mbili zilizoandikwa: ya kurudi, na ile ambayo ikipita bila taarifa anaanza kupiga simu bila kumwomba mtu ruhusa.

Kipindi cha kurudi kiwe kesho yake, si wiki ijayo. Kila kundi liandike namba zake ubaoni, na mwalimu aanzie na ile iliyochomoza: kwa nini hawa wamepata 14 katika fremu moja na wenzao 0? Kivuli? Unyevu? Au walihesabu majani badala ya mimea? Halafu dakika tano za mwisho, watoto wataje palipokaribia kuharibika: aliyepotezana na jozi yake, ngazi iliyoteleza, maji ya kunywa yaliyoisha mapema. Hayo yaandikwe kwenye faili la ziara, ambalo mwalimu wa mwaka ujao atalifungua kabla ya kukodi basi.