Kinga ya asili huijuaje DNA ya mgeni na ya mwenyeji?

DNA na RNA kwa pamoja huitwa asidi kiini. Ndizo molekuli zinazobeba maelekezo ya urithi. Kinga ya asili nayo ni ile sehemu ya ulinzi wa mwili tunayozaliwa nayo, inayojibu shambulio ndani ya saa chache bila kungoja mwili umzoee adui fulani. Dhana ninayoieleza hapa ni kwamba kinga hiyo hugundua virusi na bakteria kwa kuhisi asidi kiini zao.

Anayelisikia jambo hili mara ya kwanza ana haki ya kushangaa. Ukuta wa bakteria umejengwa kwa vitu ambavyo seli ya binadamu haina kabisa, kwa hiyo mwili ukikutana na kimojawapo umeshamjua mgeni. DNA si hivyo. Ile ya virusi vya ndui na ile yako zimeandikwa kwa herufi zilezile nne, na yako ni nyingi mno: ukiinyoosha DNA ya seli moja tu, utapata kama mita 2. Faida ya njia hii ni kwamba kirusi kinaweza kubadilisha protini za ganda lake mara kwa mara, lakini hakiwezi kuiacha DNA au RNA yake nyuma. Bila hiyo si kirusi tena. Hasara yake nitaifikia.

Jambo la kwanza ambalo mwili huangalia ni mahali. DNA ya seli ina makazi mawili, kiini na mitokondria. Ute unaokizunguka kiini, yaani saitoplazimu, haupaswi kuwa na DNA. Ikikutwa humo, basi kuna aliyeingia bila hodi, au kuna kilichopasuka. Mlinzi wa eneo hilo ni protini iitwayo cGAS, ambayo kikundi cha Zhijian Chen huko Dallas, Marekani, kilitangaza kuigundua mwishoni mwa 2012. Kinachonivutia ni kwamba cGAS haisomi herufi. Hushika DNA yoyote yenye nyuzi mbili, iwe ya kirusi, ya bakteria au ya mwili wenyewe, kisha hutengeneza molekuli ndogo yenye umbo la pete, cGAMP. Pete hiyo huifikia protini nyingine, STING, nayo huziamsha jeni za interferoni. Pete ya cGAMP inaweza hata kupita hadi seli ya jirani na kuitahadharisha mapema. Interferoni yenyewe ilijulikana tangu 1957, pale Alick Isaacs na Jean Lindenmann walipoona jijini London kwamba seli zilizoguswa na virusi hutoa kitu kinachozuia virusi wengine wasizaliane. Zaidi ya miaka 50 ilipita kabla cGAS, mlinzi huyu anayeiita, hajajulikana.

Lakini maelezo haya ya mahali yakiachwa hapo yanapotosha. Kila seli inapogawanyika, utando wa kiini huvunjika na DNA yote hubaki bila ukuta. Tena cGAS imekutwa ndani ya kiini chenyewe. Mbona basi mwili haujishambulii kila siku? Mwaka 2020 picha za kina za molekuli zilitoa jibu. DNA yetu imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na cGAS hunaswa juu ya histoni hizo kwa namna inayoiziba sehemu yake ya kushikia DNA. Imekaa ubavuni mwa DNA, na haiwezi kufanya kazi.

Walinzi wengine hukaa kwenye vifuko ambamo seli huingiza vitu ilivyomeza kutoka nje. Mmoja wao ni TLR9, iliyoelezwa mwaka 2000 na kikundi cha Shizuo Akira nchini Japani. Huyu hutafuta DNA yenye herufi C na G zilizofuatana bila kubandikwa kemikali ya methili. Kwa bakteria jozi hizo ni nyingi na ziko tupu. Kwetu ni chache, na nyingi zimebandikwa.

Kwa RNA, mahali hapasaidii sana, maana saitoplazimu imejaa RNA zetu. Hapo huangaliwa umbo. Protini iitwayo RIG-I hukagua ncha: RNA nyingi za virusi huwa na fosfeti tatu zilizo wazi, ilhali RNA zetu zinazobeba ujumbe wa kutengeneza protini huvishwa kofia ya kemikali. Nyingine, MDA5, hutafuta RNA ndefu yenye nyuzi mbili. Vijenzi vya RNA navyo vina uzito: mwaka 2005 watafiti Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha kwamba ukibadilisha kidogo kijenzi cha RNA kiitwacho uridini, walinzi hupunguza kelele. Bila hilo chanjo za RNA dhidi ya Covid-19 zingekuwa na kazi ngumu zaidi. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023.

Sasa ile hasara. Kwa kuwa cGAS haibagui, usalama wetu unategemea pia usafi. Kimeng'enya TREX1 huivunjavunja DNA inayovuja kwenye saitoplazimu kabla haijarundikana. Mwaka 1984 Jean Aicardi na Françoise Goutières walieleza ugonjwa wa watoto wachanga unaoharibu ubongo na kufanana mno na maambukizi ya virusi tangu tumboni, ila kirusi hakionekani. Mwaka 2006 ilibainika kuwa baadhi ya watoto hao wana hitilafu katika jeni ya TREX1. Hakikuwepo kirusi cha kutafuta. Mwili ulikuwa unapigana na DNA yake wenyewe, na nikiwafikiria wazazi waliosubiri majibu ya vipimo vya maambukizi ambayo hayakuwepo, naona kwa nini dhana hii haistahili kubaki maabara. Katika ugonjwa wa lupasi pia, ambapo kinga huushambulia mwili wenyewe, wagonjwa wengi wana kingamwili dhidi ya DNA yao na dalili za interferoni iliyozidi.

Dawa za kuzuia vimeng'enya vya JAK hupunguza makali ya ujumbe wa interferoni kwa baadhi ya watoto hawa, ingawa haziondoi chanzo. Watafiti wanatafuta molekuli za kuizima cGAS au STING yenyewe. Wenzao wa saratani wanajaribu kinyume chake: kuiamsha STING ndani ya uvimbe, ili kinga iushambulie kana kwamba umeingiliwa na kirusi.