Deki, kodeki na MP4: tusichanganye mafaili

"Deki yangu imeandikwa MPEG-4 kwenye boksi, lakini haisomi MP4. Nimeuziwa feki." Nimeisikia mara nyingi mno, siku hizi naweza kuimalizia kabla mlalamikaji hajafika kwenye "feki". Mara nyingi deki yake ni nzima na boksi halikudanganya. Kilichomponza ni neno "fomati", ambalo tumelibebesha mizigo mitatu kwa mpigo.

Neno analolihitaji ni kodeki. Kodeki ni kanuni ya kuibana picha au sauti ili ienee kwenye nafasi ndogo, na ya kuifumua tena wakati wa kutazama. Basi. Jina lenyewe limeungwa kwa vipande vya maneno mawili ya Kiingereza, la kusimba na la kusimbua. Halina undugu wowote na deki, ingawa nimewahi kuelezwa, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba "kodeki ni kitu cha ndani ya deki". Deki limetokana na neno la Kiingereza la sitaha ya meli, ambalo Waingereza nao walilitwaa kwa Waholanzi likiwa na maana ya kifuniko. Ndiyo deki hiyohiyo ya kupiga deki. Kwa hiyo tambara la kupigia sakafu na mashine iliyo chini ya runinga wana babu mmoja. Kodeki kaja na ukoo wake.

Sasa AVI, MP4 na MKV ni nini? Hayo ni makontena. AVI ilitolewa na Microsoft mwaka 1992, na kazi yake ni kuipakia picha na sauti pamoja ili zisipishane. Jina la kontena halikuambii picha iliyomo imebanwa kwa kodeki gani. Ndiyo maana kubadili jina la faili kutoka .mkv kwenda .avi hakusaidii: umebandika lebo mpya mlangoni, mzigo uko vilevile.

Ukitaka kuona tofauti hii kwa macho yako, subiri siku deki itakapocheza faili ukasikia watu wanazungumza huku skrini ni giza tupu. Kontena limefunguka. Sauti, ambayo huenda ni MP3, imetambuliwa. Picha ndiyo imekosa wa kuifumua. Kinyume chake pia hutokea, midomo inacheza na hakuna neno linalotoka. Kama tatizo lingekuwa "haisomi AVI", usingepata hata hiyo nusu.

Turudi kwenye boksi, maana hapo ndipo penye utata wenyewe. MPEG ni kundi la wataalamu wa viwango vya picha na sauti lililoundwa mwaka 1988. Diski ya kawaida ya DVD, ile yenye faili za VOB, hutumia MPEG-2 yao. MPEG-4 ni kiwango kilichogawanywa sehemu nyingi, na sehemu hizo zimeachana mbali. Sehemu ya 2 ni kodeki, ndiko waliko DivX na Xvid (lisome jina moja kuanzia mwisho, utalipata la pili). Sehemu ya 10 ni kodeki nyingine, H.264, iliyotoka mwaka 2003. Sehemu ya 14 si kodeki hata kidogo, ni kontena, na ndiyo hiyo tunayoiita MP4. Deki iliyoandikwa MPEG-4 pembeni ya nembo ya DivX kwa kawaida inamaanisha Sehemu ya 2. Video uliyoirekodi kwa simu kwa kawaida ni H.264, au mrithi wake H.265, ndani ya MP4. Boksi limesema kweli, faili nalo limesema kweli, ila kila mmoja anazungumzia sehemu yake. (Na MP4 si mdogo wake MP3. MP3 ni Tabaka la Tatu la sauti ya MPEG-1. Namba zimetuchezea.)

Kwenye kompyuta ungeweka VLC, programu inayokuja na kodeki zake, ukasahau habari hizi. Deki haikupi nafasi hiyo, kwa sababu kazi ya kufumua imefungwa kwenye chipu yake. Deki nyingi za aina hii hata Xvid huikataa ikiwa picha imezidi pikseli 720 kwa 576.

Mzigo wa tatu wa "fomati", baada ya kodeki na kontena, ni ule wa kufomati flashi, na hapo kosa ni langu mwenyewe. Nilimwambia binamu yangu, "Badili fomati, itacheza." Akachomeka flashi kwenye kompyuta, akaifomati. Alirudi kuniambia kwamba sasa deki inaisoma flashi vizuri sana, ila haina kitu ndani.

Kwa hiyo, ndugu yangu, badala ya "deki yangu haisomi MP4", sema "deki yangu haina kodeki ya H.264". Fundi atajua papo hapo akukonvatie picha iwe Xvid na sauti iwe MP3, ndani ya AVI, upana usizidi 720. Na mtu akikuambia ubadili fomati, muulize kwanza: ya faili, au ya flashi?