Kuchagua si kuficha: dhana potofu kuhusu vitabu vya maktaba za shule

Katika shule niliyosoma, nyuma ya meza ya mkutubi palikuwa na kabati la mbao lenye milango ya kioo na kufuli. Migongo ya vitabu ilionekana na majina yalisomeka vizuri, lakini sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuazima kitabu cha humo. Ukiuliza, uliambiwa "hivyo si vya wanafunzi." Nani aliamua hivyo, lini na kwa sababu gani, hapakuwa na karatasi iliyoeleza. Kabati lile hunijia akilini kila mjadala wa kuzuia vitabu katika maktaba za shule unapoibuka, maana mengi yanayosemwa humo hayafanani na jinsi maktaba inavyofanya kazi.

Dhana: Mkutubi naye huchagua vitabu, kwa hiyo naye ni mdhibiti, yaani mtu anayewazuia wengine wasisome.

Hakuna maktaba yenye nafasi au fedha za kununua kila kinachochapishwa, hivyo kuchagua hakuepukiki. Mwaka 1953 Lester Asheim, mwalimu wa ukutubi kutoka Chicago, aliandika makala ambayo bado inanukuliwa katika taaluma hiyo. Alisema anayechagua hutafuta sababu za kukipokea kitabu, na anayedhibiti hutafuta sababu za kukikataa. Wa kwanza hukipima kitabu kizima. Wa pili hutosheka na ukurasa mmoja, pengine neno moja tu.

Hata kuondoa vitabu rafuni si kosa. Ensaiklopidia inayoitaja Pluto kuwa sayari ya tisa imepitwa na wakati tangu 2006, na ramani isiyo na Sudan Kusini imepitwa tangu 2011. Vitabu vya aina hiyo, pamoja na vile vilivyochanika au kuliwa na wadudu, inapasa viondolewe kila mara ili mwanafunzi asifundishwe uongo na rafu. Sharti ni kuwe na kanuni iliyoandikwa, na itumike kwa vitabu vyote. Kabati la shuleni kwetu halikuwa na kanuni, lilikuwa na ufunguo tu.

Dhana: Maktaba ni ya shule, basi bodi ya shule inaweza kuondoa chochote inachotaka.

Kesi inayojulikana zaidi juu ya jambo hili ilitoka jimbo la New York. Mwaka 1975 wajumbe watatu wa bodi ya shule za Island Trees walihudhuria mkutano wa kundi la wazazi wahafidhina, wakarudi na orodha ya vitabu vilivyodaiwa kuwa havifai. Katalogi ya maktaba ya sekondari ilipokaguliwa, tisa kati ya hivyo vilikuwamo, na viwili vingine vikapatikana kwingineko katika shule hizo. Bodi ikaagiza vitolewe, ingawa msimamizi wa shule aliikumbusha kwamba utaratibu wa kushughulikia malalamiko ya vitabu ulikuwapo tayari.

Kinachofuata ndicho kinachonigusa zaidi. Bodi yenyewe iliteua kamati ya wazazi wanne na wafanyakazi wanne wa shule ivisome vitabu. Kamati ikafanya kazi yake, ikapendekeza vitano virudishwe, viwili viondolewe na kimoja kitolewe kwa idhini ya mzazi, na kwa vilivyobaki haikufikia msimamo mmoja. Hivyo ndivyo watu makini wanavyosoma: hawakubali kila kitu wala hawakatai kila kitu. Bodi ikautupa ushauri huo bila kutaja sababu. Kitabu kimoja tu kilirudi bila masharti, kingine kikaruhusiwa kwa idhini ya mzazi.

Wanafunzi, mmoja wao akiitwa Steven Pico, walikwenda mahakamani. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba madai yao yana haki ya kusikilizwa. Jaji William Brennan aliandika kwamba bodi haiwezi kuondoa vitabu maktabani kwa sababu tu haiyapendi mawazo yaliyomo. Hakufunga mlango wote: kitabu kilichojaa lugha chafu au kisichofaa kielimu kinaweza kuondolewa. Na kwa kuwa maoni yake hayakuungwa mkono kikamilifu na majaji wengi, wanasheria wanabishania uzito wake mpaka sasa. Anayesema kesi ile ilipiga marufuku kabisa uondoaji wa vitabu amekosea, sawa na anayesema bodi ina uhuru usio na mpaka.

Dhana: Kutetea maktaba ni kuwapuuza wazazi.

Mzazi ana haki kamili ya kusema mwanawe asisome kitabu fulani, na mkutubi mwenye busara humsikiliza. Swali ni kama ana haki ya kuwaamulia na watoto wa wenzake. Shule zenye utaratibu mzuri humpa mlalamikaji fomu inayomuuliza: umekisoma chote? Ni kurasa zipi zinazokusumbua? Ungependekeza kitabu gani badala yake? Kamati inapokisoma, kitabu hubaki rafuni. Mara nyingi mazungumzo hayo yakifanywa kwa heshima huishia hapo hapo mezani.

Isitoshe, si kila anayelalamika ni mzazi. Chama cha Maktaba cha Marekani kilirekodi majina 4,240 ya vitabu vilivyolengwa mwaka 2023 katika maktaba za shule na za umma, kutoka 2,571 mwaka uliotangulia. Katika hesabu zake za 2024, asilimia 72 ya majaribio ya udhibiti yalitoka kwa makundi ya shinikizo na viongozi. Wazazi walikuwa asilimia 16.

Dhana: Kulinda watoto na kuwapa vitabu ni mambo yanayopingana.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 umeyaweka yote mawili ndani ya Ibara ya 17: nchi zihimize utungaji na usambazaji wa vitabu vya watoto, na pia ziweke miongozo ya kumlinda mtoto dhidi ya maudhui yenye madhara. Mkutubi anayetenga rafu za wadogo na za wakubwa anatimiza pande zote mbili.

Dhana: Udhibiti hutoka upande mmoja wa siasa.

Riwaya ya Mark Twain kuhusu Huckleberry Finn ilikataliwa na maktaba ya mji wa Concord, Massachusetts, mwaka 1885 kwa madai kwamba lugha yake ni ya kihuni. Miaka mingi baadaye ikapingwa mashuleni kwa sababu ya neno la kuwadhalilisha watu weusi linalorudiwa humo. Sababu hizo mbili hazina udugu wowote, na hiyo ya pili ina uchungu wa kweli ndani yake. Mwaka 2023 wilaya moja ya Utah iliiondoa Biblia katika shule za watoto baada ya malalamiko, kisha ikairudisha. Kanuni unayoitunga ili kukamata vitabu vya mwenzio itakamata na vyako.

Dhana: Siku hizi watoto wana intaneti, kitabu kikiondolewa hakipotei.

Si wote walio nayo. Na hata aliye nayo, anachokutana nacho kimepangwa na matangazo, si na mtu anayemfahamu. Mtoto anayetaka kuelewa kifo cha ndugu au mabadiliko ya mwili wake anahitaji kitabu ambacho mtu mzima alikisoma kwanza, akakiona kinafaa.

Dhana: Pasipo malalamiko, hapana udhibiti.

Hii ndiyo ngumu kuliko zote kuiona. Mtafiti Marjorie Fiske aliwahoji wakutubi wa shule na wa maktaba za umma jimboni California, na matokeo yake yakachapishwa 1959. Alikuta wengi wanaviepuka vitabu vyenye utata hata pale ambapo hakuna aliyekuwa amelalamika. Waliogopa ugomvi ambao haujaja. Siwalaumu sana: mshahara ni wao, na anayesimama peke yake huangushwa upesi. Ndiyo maana orodha ya kuagiza inafaa ipitiwe na watu kadhaa, na kila jina linaloachwa liandikiwe sababu. La sivyo hakutakuwa na barua, kikao wala kabati la kufuli. Kutakuwa na jina lililokatwa kwa penseli kabla fomu ya kuagiza haijatoka mezani, na mwanafunzi akija kukiulizia kitabu hicho ataambiwa, kwa ukweli kabisa, kwamba hakipo.